Nyongo Nyeusi ya Dada Yangu

Nyumbani kwetu Kitengela, dada yangu mkubwa alikuwa mtu wa kununa, basi. Hakukuwa na jina lingine. Angeweza kuamka Jumamosi, akakaa mlangoni pa jikoni na kikombe mpaka chai iote ngozi, asiseme na mtu. Mama akipita na ndoo alimwambia aondoe huo mdomo njiani watu wapite. Mimi ndiye nilikuwa mtoto mzuri. Nilicheka, nilipiga domo na wageni, nilijua majina ya watoto wote wa ploti, na baba akirudi kutoka kiwandani Athi River, nyusi zimejaa saruji, mimi ndiye nilimpokea mkoba. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba kuna wakati mimi nilikuwa mbele.

Kisha likaja lile neno.

Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka ya tisini ikielekea kuisha, na kanisa letu la mabati lilikuwa na semina ya vijana. Mwalimu wa semina alikuwa kijana wa Kimaasai ambaye boma lao lilikuwa upande wa Isinya. Alikuwa ametoka tu chuoni, akaajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule moja Kajiado mjini, na Jumapili aliabudu kwetu. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi hadi mikono, na alikuwa na tabia ya kusimama kidogo kabla ya kujibu swali, ungedhani swali lako ndilo la maana kuliko yote aliyowahi kuulizwa. Mimi nilimuuliza maswali mengi sana wiki ile.

Somo lake lilikuwa tabia za watu. Wakati huo kila kanisa lilikuwa na somo hilo, na kila kijana aliyeokoka alijua yeye ni wa aina gani kati ya nne. Alichora mraba ubaoni, akaugawa, akasema Wagiriki wa zamani waliamini mwili una maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yanayozidi ndiyo yanayokutawala. Waliozidiwa na damu ni watu wa kelele na kicheko, wanaoanza mambo kumi bila kumaliza moja, na wanaitwa sanguine. Akatuambia tuchague pembe zetu. Kabla hajamaliza kusema, wenzangu walikuwa wamenisukuma kwenye pembe ya damu, pamoja na yule mpiga kayamba na wale mapacha waliokuwa wakichekacheka hata wakati wa maombi.

Dada yangu hakusimama. Alibaki kwenye benchi, mikono mapajani. Mwalimu akamtazama, akasimama kidogo kama kawaida yake, akasema huyo hahitaji kuonyeshwa pembe yake. Akageuka akaandika kwa herufi kubwa: melancholy.

Alilitamka polepole. Akalipasua katikati kwa mstari wa chaki, akatuonyesha kwamba kipande cha kwanza ni weusi na cha pili ni nyongo. Tabibu wa kale, akasema, walidhani nyongo hiyo ni baridi na kavu, inakaa kwenye wengu, na ikizidi mtu anashikwa na huzuni isiyo na sababu. Kwanza neno lilikuwa jina la ugonjwa. Baadaye, karne kwa karne, lilipungua makali, likawa jina la tabia, na mwishowe likawa karibu sifa: huzuni ya watu wanaofikiri mbali, mafundi, watunzi, wanaosikia mambo ambayo sisi wengine tunayapita. Aliposema "sisi wengine" alitazama pembe yetu.

Niliona vijana wote wakimgeukia dada yangu. Yule yule wa kuambiwa aondoe mdomo! Alikuwa ameinamisha kichwa, na shingo yake, ambayo nilikuwa nimeiona kila siku maisha yangu yote, ghafla ikawa shingo ya mtu muhimu. Roho iliniuma. Mimi nimepewa damu, ambayo kila mtu anayo, na yeye amepewa kitu cha Wagiriki.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukuwa na kununa tena. Dada akijifungia chumbani, mama alisema tumwache, ni ile hali yake. Mama hakuweza kulitamka neno, lakini alijua lipo, na kwamba mwalimu ndiye alilisema, na hilo lilitosha. Kwa Kikamba aliita ile hali kyeva, ambayo ni huzuni ya kawaida ya msibani, lakini alilisema siku hizi kwa heshima. Wageni wakija, mimi ndiye nilitandika vitambaa vya viti na kuchemsha chai, kwa sababu dada hakupenda watu wengi. Maji ya bomba yakipotea, mimi ndiye nilifuata punda wa maji. Wakati wa mvua, ule udongo mweusi wa Kitengela ulinishika viatu hadi nikarudi nyumbani navyo mkononi, na yeye yuko dirishani anafikiri mbali.

Nikaamua na mimi niwe nayo. Aki nilijaribu. Nilikaa siku mbili bila kucheka, nikawa naangalia uwanda upande wa mbuga, ambako bado siku hizo nyumbu na punda milia walikuwa wakipita karibu na nyumba za watu. Nilikula kidogo. Nilijibu maneno kwa kuvuta pumzi. Siku ya kwanza mama alininunulia dawa ya malaria. Siku iliyofuata aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniuliza ukweli kama nina mimba. Nilipasuka kwa kicheko pale pale, na huo ukawa mwisho wa huzuni yangu.

Mwalimu alianza kutupitia nyumbani Jumapili baada ya ibada. Nilidhani anakuja kwa ajili yangu, na mtu asinicheke, kwa sababu mimi ndiye aliyekuwa anaongea naye. Nilimpikia chapati. Nilimwigizia mzee wa kanisa anavyokohoa kabla ya matangazo, na alicheka akashika mbavu. Alinifundisha kujibu salamu za kwao, akiniambia Takwenya, nami namjibu Iko, na nilipenda lile neno dogo kwa sababu lilitoka kwake. Usiku nilipiga hesabu ya maneno aliyoniambia mimi na yale aliyomwambia dada, na yangu yalikuwa mengi mara kumi. Sikujua kwamba nilikuwa nahesabu vibaya.

Jumapili moja, baada ya Krismasi, nilimpinga kuhusu lile neno. Baba alikuwa amechinja, na kazi yangu siku ya kuchinja ilikuwa kushika ini wakati yeye anakata kile kifuko cha nyongo, kwa kisu kidogo na bila kuongea, maana kikipasuka ini lote linaharibika. Kwa hiyo nyongo nilikuwa naijua. Nikamwambia mwalimu kwamba nyongo ni ya kijani. Nimeona ya mbuzi, ya ng'ombe na ya kuku, na hakuna nyeusi. Hao Wagiriki waliiona wapi?

Alinitazama kwa furaha kubwa. Alisema nimegusa penyewe, kwamba wasomi nao walikuja kugundua hivyo hivyo: nyongo nyeusi haikuwahi kuwepo, hakuna tabibu aliyewahi kuipata mwilini mwa mtu. Walikuwa wameona huzuni, wakatafuta mahali pa kuiweka. Kitu chenyewe kikafa, jina likabaki. Aliongea vile hadi chai yake ikapoa, na mimi nilikuwa nimeketi mbele yake na unga mikononi nikifikiri, sasa ndiyo hii, sasa ataniona.

Kisha akashusha sauti akauliza kama dada yuko, na kama leo anaweza kuongea na watu.

Nilimwambia yuko. Ningesema nini? Nilienda nikabisha mlango wa chumba chetu, nikamwambia dada mgeni wake amefika.

Miaka ilienda hivyo. Baada ya kidato cha nne, pesa za nyumbani zilitosha mmoja kwenda chuo, na akaenda yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi nilibaki nikisaidia mama kuuza sukuma na nyanya kando ya barabara ya Namanga. Hapo ndipo nilipata mbuzi. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa mteja wetu aliniletea kitoto cha mbuzi wakati wa ule ukame mbaya, mama yake amekufa, akasema nikiweza kukilea ni changu. Nilikilea kwa chupa ya soda. Kikakua, kikazaa, na watoto nao wakazaa, nikawa na kizizi nyuma ya nyumba. Wale mbuzi hawakumfuata mtu mwingine. Baba mwenyewe akiwaita walimtazama tu. Nyumba nzima ilijua kwamba ni wangu, na sikuwa na kitu kingine duniani cha kusema ni changu.

Siku niliyojua mambo yameisha ilikuwa siku ya soko. Mwalimu alipita kwenye meza yetu akitoka Kajiado, akachagua nyanya, akanikabidhi mfuko niuweke, akasema, "Asante, shemeji." Alisema kirahisi, huku akitafuta noti mfukoni. Nilimfungia nyanya zake. Nikamwongezea mbili juu, nikamtania kwamba mtu akiitwa mkwe lazima alipe bei ya wakwe. Alipoondoka, mama alinitazama muda mrefu, kisha akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Kwetu Wakamba, msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo waje. Watu wanaweza kufunga ndoa kanisani, wakazaa, wakajenga, lakini kama wale mbuzi watatu hawajafika kwa baba yake, yule bado ni binti wa nyumbani. Siku ikapangwa. Baba mkubwa alitoka Machakos na wazee wengine, kina mama wa kanisa wakaja na sufuria, na dada akakaa chumbani na kitambaa begani. Mimi nilikuwa kila mahali. Nilibeba viti, niliwasha moto, nilitania wazee. Ndani ya tumbo nilikuwa nakunja kila kitu kiwe kidogo.

Wageni walifika na pikapu mbili. Walishusha mtamba mwekundu aliyenona, kondoo dume wa mkia mzito, mablanketi, sukari na kreti za soda. Wazee wao walikuwa na fimbo na shuka safi, na walisalimia vizuri sana. Baba mkubwa akazunguka pikapu ya kwanza, akazunguka ya pili, akarudi akaketi.

"Mbuzi wako wapi?" akauliza.

Kumbe hapo ndipo kosa lilikuwa. Mwalimu alikuwa amewaambia wazee wake mbuzi, na wazee wake walikuwa wamesikia vizuri. Lakini kwao, mtu akitaka kumheshimu mkwe anampa kondoo, na tangu hapo wanaitana pakerr, aliyenipa kondoo, hadi kufa. Waliketi wakaamua kwamba hawawezi kujiaibisha kwa kupeleka vibuzi kwa watu walioelimisha msichana hadi chuo. Kwa hiyo kwa heshima tu waliwaacha mbuzi nyumbani, wakaleta kilicho kikubwa. Mzee wao alieleza haya akijivunia.

Baba mkubwa alimsikiliza hadi mwisho. Alisema kondoo ni mzuri na mtamba ni mzuri zaidi, na wote wamepokelewa kwa mikono miwili. Lakini bila mbuzi msichana huyu bado ni wetu, na kilichobaki ni kunywa chai na kupanga siku nyingine. Nyuso za wageni zilibadilika. Mzee mmoja alishika fimbo yake akatazama kwenye pikapu. Nilijua, na kila mtu pale alijua, kwamba watu waliokuja na ng'ombe wakarudishwa kwa sababu ya mbuzi hawatarudi kwa urahisi.

Nilikuwa nimeshika birika. Furaha iliyonipanda ilinitisha. Ilinipanda kutoka miguuni, na nilikaza meno ili isitoke usoni. Sikumtakia dada yangu mabaya, nilitaka tu jambo hili moja lisimwendee.

Hapo mbuzi wangu mmoja akalia nyuma ya nyumba.

Wote walisikia. Halafu wa pili akamjibu. Baba mkubwa akageuza kichwa, kina mama wakaanza kucheka, na mzee wa Kimaasai akasema kwa Kiswahili chake, "Si hizo ni mbuzi?" Wazee wakapendekeza mwalimu awachukue kama mkopo, awalete hapa kwa mkono wake, na baadaye arudishe wengine kwenye kizizi kile kile. Lilikuwa jambo rahisi. Wote walifurahi. Baba yangu peke yake hakucheka. Akaninyooshea kidole, akasema mbuzi si wake, ni wa huyu, tena hawezi kumwamrisha kwa kitu chake mwenyewe. Wamuulize yeye.

Nikasema naenda kuwaangalia.

Nilisimama kizizini nimeshika kamba ya mlango. Neno moja tu lilihitajika kutoka kwangu. Ningesema wana ugonjwa wa mapafu, au mmoja ana mimba, na wazee wa Kimaasai wenyewe wangesema wasiguswe. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Alikuwa dada, na kile kitambaa chake begani, amekanyaga mavi ya mbuzi na viatu vya wageni. Alikaa kimya kama kawaida yake, na nikaanza kukasirika kwamba hata leo nitalazimika kumngoja aongee.

"Ukikataa, sitakulaumu," akasema. "Nimejua tangu zile chapati."

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile nilidhani hakuna anayeona. Nilikuwa nimecheka, nimetania, nimefunga nyanya, na yeye kwenye dirisha lake, na nyongo yake ambayo haikuwahi kuwepo, alikuwa ananiona moja kwa moja. Huwezi kuamini, lakini kilichoniuma zaidi ni wivu. Hata huzuni yangu yeye ndiye aliyeijua, na ilikuwa yangu.

Nilifungua mlango nikawaita mbuzi watatu, nikachagua wazuri, kwa hasira, kwa sababu sikutaka mtu aseme nilitoa wabaya.

Baba mkubwa akasema hawawezi kutokea jikoni. Lazima waingie langoni, kutoka kwa mwoaji. Mwalimu akawashika kamba, wakapiga miguu chini wakakataa. Akavuta, wakakataa. Kwa hiyo ikabidi niende naye. Tulitokea nyuma, tukazunguka ploti ya jirani, tukapita barabarani, mimi mbele, mbuzi wakinifuata, yeye kando yangu na koti lake la harusi, sisi wawili tukielekea lango la kwetu na mbuzi wa kuolea. Nilikuwa nimeiota njia hiyo mara nyingi. Nilitembea polepole kadiri nilivyoweza.

Karibu na lango akasimama kidogo, kama kawaida yake, akanitazama kwa upendo wa kweli.

"Shemeji, watu kama nyinyi Mungu aliwaumba vizuri," akasema. "Hamuweki kitu moyoni."

Nikamwambia ashike kamba vizuri, mbuzi asije akamtoroka mbele ya wakwe.

Tuliingia na vigelegele. Dada aliletwa akasimamishwa katikati, kwa sababu kabla ya kisu kushikwa, msichana lazima aulizwe. Baba mkubwa akamuuliza mbele ya watu wote kama hawa mbuzi wanajulikana, yaani kama amekubali kuolewa, na kama waliwe. Dada akainamisha kichwa. Akanyamaza. Kina mama walinong'onezana kwamba ni ile hali yake, mpeni nafasi. Mwalimu alikuwa anatabasamu, anajivunia ukimya ule. Baba mkubwa akauliza mara ya pili.

Dada akainua macho, na hakumtazama mwalimu wala baba mkubwa. Alinitazama mimi, akangoja. Nilielewa kwamba angesimama vile hadi jua lizame, na kwamba nikitikisa kichwa atawaambia wasile.

"Waliwe," nikasema kwa sauti.

Watu walicheka sana. Baba mkubwa akaniuliza kwani anayeolewa ni nani. Katika kelele zile dada naye akasema waliwe, midomo tu ikienda, machozi yakimshuka, na kisu kikatolewa. Mama mmoja wa kanisani, akiwa ameshika beseni la matumbo, akasema nyumba hii imebarikiwa kuwa na huyu wa pili, hajui huzuni ni nini. Wote wakanigeukia. Walikuwa wakingoja nicheke, na nikacheka.